Samaki wa Julai: Kuvua kwa Ndoana Ziwa Babati Wakati wa Baridi

Masika yakishakatika mwishoni mwa Mei, wavuvi wa ndoana wa Babati huanza lalamiko lao la kila mwaka: samaki wamekwisha, wamehama, wamemalizwa na nyavu. Nyavu zina lawama yake, lakini tuiweke kando kwa leo. Perege na kambare waliokuwa wakigombania chambo mwezi wa pili wengi wao bado wamo humo humo ziwani. Maji ndiyo yaliyopoa, na mvuvi anaendelea kwenda kwa ratiba ya miezi ya joto: anadamka alfajiri, anatupa ndoana kubwa yenye chambo kikubwa, anasubiri hadi saa nne, anarudi nyumbani mikono mitupu saa ile ile samaki wanapoanza kuamka.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Singe, Bagara au Nangara mwenye mwanzi, mshipi, ndoana mbili tatu na Jumamosi isiyo na kazi. Haumhusu mwenye mtumbwi na nyavu. Huyo ana hesabu zake. Jambo lenyewe kubwa ni moja: kuanzia Juni hadi Agosti, perege huvuliwa kwa kufuata joto la maji, na joto hilo halifiki alfajiri. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya hapo.

Kabla ya yote: samaki aliyepoa yukoje

Samaki hana moto wake mwenyewe mwilini. Joto la maji ndilo joto la damu yake. Mji wa Babati umekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 1,350, na katikati ya mwaka hewa ya usiku hushuka chini ya nyuzi 15 za sentigredi. Maji hupoa polepole kuliko hewa, lakini hupoa, na ziwa lenye kina kifupi kama hili halina akiba kubwa ya joto la kulivusha hadi asubuhi.

Kwa kadiri ya jumla, joto likipungua kwa nyuzi 10, kazi za mwili wa samaki hushuka hadi karibu nusu: moyo, mmeng'enyo, misuli, vyote. Sato, ambaye ni jamaa wa perege anayejulikana zaidi kwa wafugaji, hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 26 na 30. Yakishuka chini ya 20 hula kwa kuchaguachagua. Yakikaribia 16 anaacha kula, na yakifika 10 hadi 12 anakufa. Ziwani kwetu hakuna hofu ya kifo hicho. Tatizo letu ni ile sehemu ya kati, ambapo samaki yuko hai, ana njaa kidogo, lakini haoni sababu ya kujisumbua. Kambare ni mvumilivu zaidi, anaweza kustahimili maji ya nyuzi 8, ila naye shibe yake na mbio zake zinategemea joto vilevile.

Kwa mvuvi, hali hiyo ina maana nne. Samaki aliyeshiba leo asubuhi hukaa na shibe hiyo muda mrefu, kwa hiyo anahitaji kidogo. Hafukuzi chambo, kikipita mbali anakiacha kiende. Husogea kutafuta maji yenye joto zaidi hata kama tofauti ni nyuzi moja tu, kama mtu anayeota jua ukutani asubuhi ya Julai. Na la nne, ambalo watu wengi hulisahau: wakati wa baridi perege hupunguza sana kuzaa. Miezi ya joto kila dume huchimba kiota chake mviringo kwenye maji mafupi na kushambulia kila kinachokatiza, ndoana yako ikiwemo. Baridi ikiingia viota huachwa, na samaki hutembea kwa makundi. Ndiyo maana Julai unaweza kukaa saa mbili bila hata kuguswa, kisha ukavuta watano mfululizo bila kusogeza mguu.

Neno moja kuhusu ushauri wa mtandaoni. Wavuvi wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini husema wakati wa baridi tafuta shimo lenye kina kirefu kuliko yote. Kwao ni kweli, kwa sababu maji huwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4. Juu panaganda barafu, na chini ndiko kunakobaki na nafuu. Kwetu maji hayafiki huko. Katika maji ya nyuzi 18 au 22, yenye joto hukaa juu na yaliyopoa huzama. Mchana wa jua, joto la Ziwa Babati liko juu na kwenye kingo fupi, siyo shimoni. Ukivua kwa kanuni ya barafu utakuwa unavua mahali pa baridi kuliko pote.

Hatua ya 1: Ruhusa, na salamu

Uvuvi Tanzania Bara unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za 2009. Pita ofisi ya uvuvi ya Halmashauri ya Mji uulize mambo mawili: leseni unayotakiwa kuwa nayo, na kama ziwa liko wazi, kwa maana maziwa madogo hufungwa mara kwa mara ili samaki wapumzike. Kokoro, sumu na baruti ni marufuku kila mahali, hata usingoje kuambiwa.

Kisha ufukweni tafuta mzee mwenye mtumbwi. "Shikamoo, baba." Akishaitikia marahaba, usimuulize samaki wako wapi, hakuna mvuvi anayejibu swali hilo kwa ukweli. Muulize upepo wa jana ulitokea upande gani na viboko wamelala wapi leo. Majibu ya maswali hayo mawili yatakupa karibu kila unachohitaji.

Hatua ya 2: Pima maji, usipime hewa

Mwili wako hudanganya. Asubuhi ya baridi kali, ukitia mkono ziwani utaona maji ni ya uvuguvugu, kwa sababu tu hewa imepoa kuliko maji. Mchana wa jua mambo hugeuka, ukaona maji ni baridi ilhali yamepanda nyuzi mbili tangu asubuhi.

Nunua kipimajoto cha bei ndogo, cha bwawa au cha ukutani kinachostahimili maji. Kifunge kwenye uzi pamoja na jiwe dogo. Pima sehemu tatu: ukingoni penye maji ya magotini, hatua kumi kutoka hapo kwa kutupa kwa mwanzi, na karibu na matete. Kiache majini dakika tatu ndipo usome. Fanya hivyo ukifika, na tena baada ya saa mbili. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe na hali ya mawingu. Misimu miwili ya daftari hilo itakufaa kuliko mwongozo wowote, huu ukiwemo.

Soma hivi: chini ya nyuzi 18, achana na perege, kanywe chai. Kati ya 18 na 20, vua taratibu kwa chambo kidogo kabisa. Ukivuka 21 na joto bado linapanda, kaa hapo hapo. Zaidi ya namba yenyewe, angalia mwelekeo wake. Nyuzi 20 zinazopanda zina samaki kuliko nyuzi 21 zinazoshuka.

Hatua ya 3: Badilisha saa

Miezi ya joto, saa kumi na mbili asubuhi ndiyo saa ya perege. Julai ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa sababu maji yamekuwa yakipoa usiku kucha na hapo ndipo yamefika chini kabisa. Jua linapochomoza haliyapashi papo hapo. Miale ya asubuhi huja kwa mlalo na mingi hurudishwa na uso wa maji.

Panga kufika ziwani saa nne asubuhi. Tumia saa ya kwanza kupima, kutazama na kutengeneza mshipi. Anza kuvua kwa dhati saa tano. Kilele cha perege huwa kati ya saa saba mchana na saa kumi jioni, maji ya kingoni yakiwa yamefika joto lake la juu la siku. Baada ya hapo jua likilala joto huanza kutoka, na kundi husogea kurudi kwenye maji ya kina, ambayo hupoa polepole zaidi usiku.

Siku nazo hazilingani. Siku ya tatu ya jua mfululizo ni bora kuliko ya kwanza, maana joto hujilimbikiza. Siku ya kwanza ya mawingu baada ya jua bado inafaa. Siku ya pili na ya tatu ya mawingu, upepo ukivuma na manyunyu ya hapa na pale, ni siku za kushona nyavu za watu wengine. Kipindi kigumu kabisa kwa kawaida huangukia kati ya Saba Saba na Nane Nane. Ukiwa na Jumamosi mbili tu za kuvua mwezi huo, chagua zile zilizotanguliwa na Alhamisi na Ijumaa za jua.

Hatua ya 4: Chagua ukingo, ukimkumbuka kiboko

Hapa ndipo siku hupatikana au hupotea, basi tusikimbie.

Juni hadi Agosti upepo mkuu nchini ni wa kusi, unaotokea kusini-mashariki. Upepo mwepesi ukivuma mchana wa jua husukuma maji ya juu, yale yenye joto, pamoja na vijimea na wadudu wanaoelea, hadi ukingo wa pili. Kwa hiyo siku ya jua na upepo mdogo, upande wa kaskazini-magharibi hukusanya joto na chakula kwa pamoja. Nenda huko ingawa upepo utakupiga usoni.

Upepo ukiwa mkali, hasa chini ya mawingu, kanuni hiyo inavunjika. Upepo mkali huchanganya maji ya juu na ya chini na kuyapoza yote. Jambo hili hutokea kwa ukubwa wa kutisha Ziwa Viktoria, ambako kusi ya Juni na Julai huchanganya ziwa zima, na kusini mwa Ziwa Tanganyika, ambako upepo huo huo kati ya Mei na Septemba huvuta maji ya baridi ya vilindini hadi juu. Kwenye ziwa letu dogo athari ni ya siku moja moja, lakini utaitambua: maji yamevurugika, yana rangi ya chai ya maziwa, na pengine yananuka tope. Siku hiyo tafuta ukingo uliokingwa, nyuma ya matete au miti, ambako uso wa maji umetulia.

Katika ukingo uliouchagua, angalia mambo haya. Tope jeusi hunywa jua na kupasha maji yaliyo juu yake kuliko mchanga mweupe. Maji mafupi, ya magotini hadi kiunoni, yaliyo jirani na mahali panapozama ghafla, ni bora kuliko uwanda mrefu wa maji mafupi, kwa sababu samaki anataka joto huku akijua pa kukimbilia ndege akitokea. Mpaka wa matete na maji wazi ni njia ya perege. Mwezi Juni, ziwa likiwa bado limejaa kwa masika, kuna majani yaliyofunikwa na maji; perege hula humo ndani. Ifikapo Agosti maji yamerudi nyuma, tope limebaki kavu, na lazima usogee na wewe. Ziwa hili hupanda na kushuka kuliko wageni wanavyodhani. Mwaka 1990 lilifurika hadi kuingia mjini. Mahali palipokupa samaki mwaka jana huenda leo ni shamba, au ni maji ya shingoni.

Sasa kiboko. Ziwa Babati lina viboko, na wakati wa baridi tabia yao inagongana na ya kwako moja kwa moja. Miezi ya joto hushinda majini mchana kutwa. Baridi ikiwepo hutoka asubuhi jua likishapanda na kulala ukingoni kuota jua, na huchagua nini? Ukingo ule ule uliokingwa, wenye tope na jua, ambao wewe umeufikia kwa kipimajoto. Dume huvuka kilo 1,500 na humshinda mtu yeyote kwa mbio za karibu. Kanuni ya kwanza: usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Akishtuka hukimbilia majini, na aliyeko njiani hukanyagwa au kung'atwa. Kanuni ya pili: njia pana iliyolimika ikishuka kutoka majanini hadi majini ni njia yao, usikae juu yake saa yoyote. Kanuni ya tatu: ifikapo saa kumi na mbili jioni uwe umekwishaondoka ufukweni, maana ndipo wanapotoka kwenda malishoni. Ukingo mzuri wenye kiboko ni ukingo mbaya. Tafuta mwingine.

Na vaa gambuti. Maji mafupi yaliyotulia yenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Kusimama humo peku kwa sababu "maji ni baridi, hakuna kitu" ni kosa, maana minyoo ya kichocho hutoka kwa konokono mchana wa jua, saa ile ile unayovua.

Hatua ya 5: Punguza kila kitu kwenye mshipi

Samaki wa Februari huivuta ndoana. Wa Julai huivuta pumzi: hufyonza chambo, hukaa nacho kidogo, akihisi uzito hukitema. Zana nzito haitakuonyesha lolote.

Mshipi uwe mwembamba, wa milimita 0.20 hadi 0.25. Ndoana ya perege iwe namba 10 au 12. Kumbuka kwamba namba ikipanda ndoana hupungua, muuzaji asikuchanganye. Kwa kiboya, kata kipande cha mlingoti wa mkonge uliokauka, kirefu kama kidole na chembamba kama penseli. Ua wa mkonge kwenye nyua za Babati hautozi pesa, na moyo wake ni mwepesi kuliko plastiki. Manyoya ya bata, ule mrija wake, yanafaa pia.

Kisha ongeza risasi ndogo ndogo juu ya ndoana, moja baada ya nyingine, hadi kiboya kizame na kuacha ncha yenye urefu wa punje ya mchele tu juu ya maji. Usiridhike na nusu nje nusu ndani. Kila sehemu ya kiboya iliyobaki juu ni uzito ambao samaki lazima auzamishe, na samaki wa baridi hatauzamisha. Risasi moja ndogo iwe shibiri moja kutoka kwenye ndoana, nyingine zikae juu zaidi.

Kina unakipata hivi: funga jiwe dogo kwenye ndoana, tupa, sogeza kiboya hadi ncha ionekane wima. Hapo ndoana iko chini kabisa. Saa tano asubuhi vua vidole vinne juu ya tope. Kila baada ya nusu saa bila kuguswa, pandisha shibiri moja. Mchana ukikolea unaweza kujikuta unavua dhiraa moja tu chini ya uso wa maji, na hapo ndipo perege walipo.

Hatua ya 6: Chambo kidogo, kilicho hai

Minyoo ndiyo chambo bora cha baridi, lakini Julai ardhi imekauka na minyoo imezama. Usichimbe shambani, utapoteza asubuhi nzima. Chimba chini ya migomba inayomwagiwa maji ya vyombo, pembeni mwa rundo la samadi ya zizi iliyooza, au chini ya bomba linalovuja. Iweke kwenye kopo lenye udongo wake wenye unyevu, kivulini. Kwa perege tumia kipande cha urefu wa punje ya mahindi, ukiache kitikisike kidogo kwenye ncha ya ndoana. Mnyoo mzima utaliwa mkia, na ndoana haitaguswa.

Ukikosa minyoo, kanda unga wa ngano na unga wa mahindi sawa kwa sawa, maji kidogo, hadi donge liwe laini lakini lisichafue vidole. Tonge la ndoana liwe dogo kuliko dengu. Ugali wa jana huwa mgumu mno katika maji ya baridi. Samaki huugonga kwa mdomo na kuuacha.

Usitie mafuta. Wengine hukandia chambo kwa mafuta ya kula au samli wakitaka harufu. Katika maji ya joto hufanya kazi, ila maji yakipoa mafuta huwa mazito na harufu hubaki kwenye donge. Damu, maji ya ini au sukari kidogo huyeyuka na kusambaa vizuri zaidi. Badilisha chambo kila dakika 20 hata kama hakijaguswa.

Hatua ya 7: Pumba, lakini ya kuonja

Kumwaga pumba kuvuta samaki ni desturi nzuri inayoharibiwa na ukarimu. Miezi ya joto unaweza kumwaga kilo nzima. Wakati wa baridi samaki akila kiganja kimoja amemaliza chakula chake cha mchana, na wewe umemshibisha bure. Chukua pumba ya mashineni, changanya na tope la ziwani ili izame mahali pamoja, finyanga vibonge vitatu vya ukubwa wa limau. Tupa kimoja ukifika, cha pili baada ya samaki wa kwanza, na cha tatu kiweke akiba. Siku nyingi hutakihitaji.

Hatua ya 8: Soma kiboya

Usingoje kizame. Dalili za baridi ni nne: ncha inazama polepole kwa upana wa punje ya mchele; kiboya kinainama; kinasogea pembeni kinyume cha upepo; au, na hii huwapita wengi, kinapanda juu na kulala. Kupanda kunamaanisha samaki amefyonza chambo chini na kuinua risasi.

Ukiona mojawapo, vuta kwa kifundo cha mkono tu, kidogo na upesi. Ukivuta kwa bega utang'oa ndoana kwenye mdomo laini au utakata mshipi mwembamba. Ukimpata wa kwanza, usihame na usipige kelele. Kundi liko hapo. Wakinyamaza dakika 20, badilisha kina kabla ya kubadilisha mahali.

Kambare

Kambare ana sheria zake, nami nasema wazi kwamba kwa mvuvi wa ukingoni hastahili taabu yote anayopewa Julai. Huwinda kwa sharubu, gizani, na saa yake nzuri ya baridi ni pale maji yanapokuwa bado na joto la mchana huku mwanga umekwisha: kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa tatu usiku. Hiyo ndiyo saa ya viboko. Hakuna kambare anayelingana na hesabu hiyo.

Mtafute basi mchana, kuanzia saa tisa, siku ambayo maji yamevurugika na jua lipo. Kambare hupanda juu kuvuta hewa, na huacha duara na mapovu machache. Katika maji ya baridi hupanda mara chache, kwani mwili wake unadai hewa kidogo, kwa hiyo tazama kwa subira ukikaa. Ukiona duara mbili sehemu moja, weka ndoana namba 1/0 au 2/0 chini kabisa kwenye tope, yenye ini au utumbo wa kuku, na usiivute. Achia mshipi uwe na ulegevu wa dhiraa moja. Atauchukua, atatembea, ndipo umkaze. Angalia miiba ya mapezi ya kifuani unapomtoa ndoana, imeumiza viganja vingi.

Mwenye bwawa lake mwenyewe, mbali na viboko, anaweza kuvua kambare usiku kwa raha. Huyo huyo akumbuke kupunguza chakula cha samaki wake miezi hii: alishe mara moja, saa sita mchana maji yakishapata joto, na aache wakisita. Chakula kinachobaki huoza chini na kula oksijeni.

Wakati wa kurudi kwenye mtindo wa zamani

Baada ya Nane Nane usiku huanza kulegea, lakini usidanganywe na mchana mmoja wa joto. Dalili ya kuaminika utaiona majini, kwa kawaida kuanzia Septemba. Tembea ukingoni saa nne asubuhi maji yakiwa safi na utazame chini: ukiona mashimo mviringo yaliyosafishwa kwenye tope, mapana kama sahani ya pilau, na dume mweusi akizunguka kila moja, maji yamepata joto la kuzalia. Siku hiyo rudisha ndoana namba 8, mnyoo mzima, na uanze tena kudamka saa kumi na mbili. Madume walio juu ya viota waache. Watashambulia chochote, na kuwavua ni kazi ya mtoto, ila jike akishaatamia mayai mdomoni, mayai hayo ndiyo samaki wa Julai ijayo.